Tarehe Chini ya Picha Yangu

Mpendwa Shangazi Zlata wa safu ya ushauri gazetini, nisaidie, na unisamehe mwandiko, vidole bado vinaniwasha kwa pilipili za kuchoma. Mimi ni Tsonka wa Tryavna, mama yake Ralitsa, na kama bado hujamsikia Ralitsa utamsikia tu, maana mtoto huyu akichora sungura, sungura anatembea na kucheka kama mtu, na filamu yake ya michoro inangojewa kwenye tamasha jijini Sofia Ijumaa hii, na mimi niliyeishia darasa la saba ndiye niliyemzaa.

Marehemu mume wangu Minko alikuwa akitengeneza matangazo ya vifo ya mji mzima, yale tunayobandika milangoni na kwenye nguzo, na alipofariki mwaka juzi kompyuta yake ilibaki kuukuu, inakoroma, mpaka mwanangu akaiwekea mfumo mwingine, Linux, ule huria ambao watu wa kila nchi wanautengeneza pamoja na kuugawa bure, akapakia na programu za kuchora na za sauti, kalamu yake ya kuchorea ikakubali papo hapo, wala hakuita fundi! Mfumo ulipomuuliza kama afute vya zamani au avihifadhi, akahifadhi. "Ni kazi za baba, mama, nitazifutaje?"

Basi akafungua faili moja la baba yake apime kama weusi wa kwenye kioo ni sawa na weusi wa karatasi, akalichapa, ikatoka karatasi yenye mpaka mweusi, na uso ndani yake ni wangu. Jina langu lote. Chini yake: ameaga dunia, na tarehe ya siku ile ile. Nikajishika shavu, lina joto. Kesho yake nikamwambia afungue tena, na tarehe ilikuwa imehama, ni ya siku hiyo. Keshokutwa yake hivyo hivyo. Kifo changu kinaamka nami kila asubuhi, Shangazi, kinanisubiri mezani.

Jirani yangu Vasilka akaichungulia karatasi: "Tsonka, umetoka mzuri! Nikubandike sasa hivi, au umalize pilipili kwanza?" Nikamtoa kwa ufagio.

Na kuna hili ambalo sijamwambia mtu. Pichani nimejifunga shali ya buluu yenye maua meupe. Shali hiyo nimeinunua Pasaka ya mwaka huu.

Nimechomoa waya wa umeme nikauficha ndani ya pipa tupu la kuchachushia kabichi. Nataka vyote vifutwe. Ralitsa anasema, "Filamu yangu imo humo humo, mama, na baba yumo," na sasa hasemi nami kabisa. Nifanyeje?

Tsonka, Tryavna

Tsonka,

Kwanza toa waya kwenye pipa. Leo, kabla hujamaliza kusoma. Unatusifia binti mpaka wino unakauka, halafu unamkatia umeme wiki ya kazi yake? Hofu yako naielewa, mimi mwenyewe ningejishika shavu. Lakini mtoto asilipie hofu ya mama yake.

Bila shaka Minko aliiweka tarehe ijijaze yenyewe kila faili likifunguliwa, asije akakosea mbele ya wafiwa. Inajua kalenda tu, siku yako haiijui. Na mtu wa kazi ile huhitaji tangazo moja la majaribio, lenye uso wa kupimia weusi na weupe. Alichukua uso alioujua kuliko nyuso zote.

Usifute diski. Filamu iende Sofia, kazi za baba yake zinakiliwe kwenye diski nyingine ikae kabatini. Kisha kaa karibu na Ralitsa, akuonyeshe mahali tarehe inapojijazia, aifute mbele ya macho yako, pamoja na ule mpaka mweusi. Uso ubaki.

Kuhusu shali, muulize kama ni yeye aliyeipaka rangi akijaribu kalamu. Akisema ndiye, yameisha. Akisema siye, sitakutungia maelezo. Ila ivae. Ivae kwenye moshi wa pilipili, ivae ukilisha kuku, ivae juani mpaka buluu ipauke na maua yachanike. Ile ya pichani ni mpya. Siku yako ikija, ikukute hufanani na yule mwanamke hata kidogo.

Zlata