Mchezo wa Kutoka Uvira

Jumapili, 12 Januari 2025
Nimeanza! Thaddée wa sekretariati, pale ninapochapa barua za watu, amenionyesha jinsi ya kutengeneza mchezo wa maandishi kwenye simu. Picha hakuna. Unaandika: "Uko sokoni. 1. Rudi. 2. Endelea." Mchezaji anabonyeza namba, anapelekwa. Masaa matatu nimepigana na alama moja niliyoisahau. Thaddée anacheka tu. Acheke!

Jumatatu, 17 Februari
Vita imefika Kamanyola. Barabara imekatika. Kaka Achille ni mwalimu kule — simu yake haiiti. Majirani wanavuka kwenda Burundi. Mama anasema hatoki mpaka Achille arudi. Mama Spès, ndivyo mtaa unavyomwita, akisema, amesema. Na mimi siwezi kumwacha.

Jumamosi, 14 Juni
Mchezo una jina: Kutoka Uvira. Njia tatu: mpaka, ziwa, milima ya Lemera. Zote zinamrudisha mchezaji nyumbani! Nimeunganisha vibaya. Nilicheka, halafu nikalia.

Alhamisi, 25 Septemba
Mchezo umekubali! Nimemsomea Mama, maana hasomi. Nina ujanja wangu: akizoea kutoka kwenye mchezo, labda atatoka kweli. Akachagua mpaka. Moyo ukaruka. Mara akanisimamisha.
"Weye! Mlango umefunga, ufunguo umeachiya nani? Achille akikuya, atafungula na nini?"
Kweli. Hapa mtu haondoki na ufunguo mfukoni, anauacha kwa jirani. Miaka ishirini na sita naishi mtaa huu, na sikuliandika. Aibu! Nikaongeza: "Acha ufunguo kwa Nyandwi," yule jirani wa ukuta mmoja. Ndipo Mama akavuka.

Jumapili, 7 Desemba
Mabomu tangu asubuhi, upande wa Sange. Nyandwi naye ameondoka. Ufunguo wake ameuacha kwetu, kama wenzake wote, maana kila mtu anajua Mama Spès haendi popote. Funguo za watu sasa ziko tisa kwenye msumari.

Jumanne, 9 Desemba
Mama amekubali! Amesema mwenyewe: jirani yeyote aliyebaki atashika ufunguo wetu, Achille atauliza tu. Nimefunga mizigo haraka, naogopa asije akageuka. Mpakani Kavimvira bado wanavusha watu.
Akatoka na ufunguo. Nyumba kwa nyumba. Akarudi nao.
"Hakuna muntu."
Sasa amekaa chini, funguo kumi mapajani. "Na hizi za watu? Wakirudia, watamukuta nani?"
Nikamwambia tuzibebe. Akanitazama kana kwamba mimi ni mwizi. Nimemchukia, Mungu anisamehe, na ninajua ana haki.
Risasi zimekaribia. Wanaopita barabarani wanakimbia sasa. Mama anasema nifungue mchezo, nimsomee pale pa ufunguo. Nimefungua. Nimefuta jina la Nyandwi.
"Acha ufunguo kwa" —
Mama anangoja nisome jina.