Mama, Nimemnywesha Bosi Wako Chai

Mama,

Shikamoo. Pamba imeshachanua tangu tukuzike kule Magu, na siku zote hizo sikuwa na la kukuandikia ila machozi. Leo ninalo. Nimempata bosi wako.

Alikuja mwenyewe pale ninapouza chai, stendi ya Buzuruga. Ni mzee sasa, anatembelea mkongojo, anawalalamikia wenzake kwamba pensheni haitoshi hata dawa, kwamba serikali imewatupa. Sauti ile ile! Nilikuwa nimeshika gauni lako siku ile wahudumu, matarishi na walinzi mlipokwenda kumwomba mshahara wa haki, baada ya vita vya Kagera. Wakubwa walikuwa wameshajiongezea. Alisimama mlangoni na kikombe ulichomwandalia wewe, akakoroga sukari yake, akasema, "Nchi imetoka vitani. Wadogo mvumilie." Utadhani sisi hatukutoa mtu. Mjomba Masanja alikwenda huko na hakurudi.

Mkavumilia mpaka ukastaafu. Nyumbani Mabatini ulituchemshia majani yaliyokwisha kuchemshwa ofisini kwake, ukatuambia, "Kunyweni wanangu, sukari inakuja." Haikuja, Mama. Linaniuma mpaka leo.

Basi shikamoo nilimpa, kwa sababu ulinilea. Sukari sikumpa. Alipoiomba nikamwambia nchi imetoka vitani, avumilie. Akacheka, kisha akanitazama vizuri, akauliza mimi mtoto wa nani. Wa Kabula, nikasema. Akasema Kabula hamjui. Nikamweleza, yule aliyekuletea chai miaka yote. Uso ukamchangamka. "Ahaa, Mama Chai!"

Miaka yote ile, Mama, na jina lako hakulijua! Nusura nimmwagie birika.

Jirani yangu muuza maandazi anasema nimsamehe, mzee wa watu. Sitaki. Malipo ni hapa hapa duniani, na yeye ameyakuta kwenye benchi langu. Kila asubuhi anarudi, maana kwingine wamechoka kumkopesha. Mimi namkopesha. Kwa nini nisimkopeshe?

Jana akaja mpole kabisa. "Binti wa Kabula," akasema, "sukari kidogo tu."

Jina lako, Mama, kinywani mwake! Nililia mbele ya wateja. Kisha nikamjazia kikombe mpaka juu, bila hata chembe, nikamwambia, "Kunywa, mzee wangu. Sukari inakuja."

Lala salama, Mama. Nakuahidi, haitakuja.

Mwanao