Nimetiwa Koponi kwa Ajili ya Muuaji Nisiyemjua

Nyumba ya Wageni Tamanoya,
Izu, Japani.
11 Februari, 1974.

Mpendwa mdogo wangu Sumie,

Hujambo huko Brazili? Goti lako je, bado linatabiri mvua kuliko redio? Na shemeji Tadakichi, bado anabishana na kuku wake? Mimi ni mzima, kwa kadiri mzee wa miaka sitini na minane anavyoweza kuwa mzima: meno manane, sikio moja na nusu, na ulimi ambao haujastaafu. Kahawa yako ya Mwaka Mpya nimeipata na nimeinywa. Mahubiri yako kuhusu sigara nimeyaweka kabatini.

Usione anwani ukadhani nimekuja kustarehe kwenye maji moto. Nimefungwa, na leo ni siku ya kumi na mbili. Huku kwetu mwandishi akichelewesha kazi, wenye jarida humfungia kwenye nyumba ya wageni mpaka amalize. Tunaita kutiwa koponi, kama samaki. Chakula ni kizuri, dirisha linaangalia mto, na chini ya ngazi, mpaka jana, alikaa Bwana Kurosaka, mhariri wangu, akisoma gazeti lilelile tangu asubuhi. Viatu vyangu kavificha. Juzi nilimwambia natoka kidogo kununua sigara. Akachomoa pakiti mbili mfukoni. "Nimeshakununulia, Mwalimu."

Ulipopanda meli ulikuwa msichana, kwa hiyo hukuona nilivyoingia kwenye kazi hii. Shule niliacha darasa la nne, Baba alipotaka mtu wa kubeba tofu zake za soya kwenda kuuza. Kisha miaka kumi na moja kiwandani kwa wapiga chapa, nikiokota herufi za chuma moja moja. Ndiko nilikojifunza kusoma vizuri, tena kinyumenyume, maana herufi zile hutazama upande wa pili. Vita vilipokwisha watu walikuwa na njaa ya wali na njaa ya hadithi za mauaji. Wali sikuwa nao. Tangu hapo nimeua watu mia moja na kumi na wanne, wengi kwa sumu, maana damu hunitia kichefuchefu. Vitabu arobaini na kimoja! Wananiita Mwalimu, mimi, ambaye mwalimu wangu alisema nitafaa kuwa gogo la kukalia.

Sasa sikia balaa. Hadithi yangu ya mwaka huu inatoka jaridani kila mwezi, na ni ya shindano. Wasomaji wanatuma kadi kumkisia muuaji, na mshindi atapata televisheni ya rangi. Ili watu wasiseme tunawapiga changa la macho, kabla ya sehemu ya kwanza kutoka nilitakiwa kuandika jina la muuaji na kulitia kwenye bahasha; ikapigwa mihuri ya watu watatu na kufungiwa kwenye sefu. Tarehe ishirini na nne itafunguliwa jukwaani, na mimi nikiwa pale.

Sumie, karatasi iliyomo ndani ni nyeupe.

Sikuwa namjua muuaji. Huwa namjua katikati ya safari, kama kila mtu. Nikajiambia nitampata mwezi ujao, na mwezi ujao nikamwondolea lawama mtu mmoja, mwezi uliofuata mwingine, kwa kuwaonea huruma tu, mpaka nikabaki na maiti na hakuna wa kumkamata. Mbaya zaidi, Kurosaka alikuwa amemwapia mkurugenzi wake kwamba ameliona jina kwa macho yake. Alichoona ni mgongo wangu nimeinamia meza. Basi bahasha ikifunguliwa, atakayefukuzwa ni yeye, mwenye mabinti watatu na mama asiyetoka kitandani.

Aliyeniokoa nusu ni Bibi Otsune, mjane anayeniletea chakula, na ambaye hapitwi na hata sehemu moja ya hadithi. Jana asubuhi aliweka trei chini akanitazama kama mtu anavyotazama kufuli lililoshika kutu.

"Mwalimu, unajitesa nini? Muuaji si yule shangazi?"

"Shangazi yupi?"

"Usinifanye mtoto. Yule anayeitwa kila msiba kuosha maiti. Muuza pombe ya sake kakutwa kafa mezani, na kimono chake upande wa kulia umelazwa juu ya kushoto. Nani aliye hai anavaa hivyo? Hivyo wanavalishwa wafu. Mgeni wa hapa nikimvalisha namna hiyo atanitupia hii supu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo alivalishwa ameshakufa, na mikono iliyozoea maiti. Haya, kula, inapoa."

Lile lilikuwa kosa langu tupu! Nilijitazama kwenye kioo nikaandika nilichokiona, na mtu aliyesoma kinyumenyume miaka kumi na moja, kushoto na kulia kwake ni mapacha. Kurosaka hakuliona. Wasomaji waliliona, nadhani, wakafikiri ni mtego wa Mwalimu.

Saa tisa alasiri sehemu ya mwisho ilikuwa imekwisha. Nikamwita Kurosaka nikamwambia habari ya karatasi nyeupe. Heri angepiga kelele. Alikaa mkekani akavua miwani.

"Mwalimu, mimi niliapa."

"Najua."

"Na kuibadilisha haiwezekani. Mihuri mitatu."

"Hata hilo nimeshalifikiria. Mimi si malaika."

Nikachukua karatasi moja zaidi, nikaandika ukurasa wa kutangulia sehemu ile. Nimesema bahasha ni tupu. Nimesema aliyemfichua muuaji ni Bibi Otsune, mhudumu wa Izu, si mimi. Na nimesema Kurosaka hana hatia: nilimwonyesha karatasi yenye jina, kisha nikatia nyingine kama mwanamazingaombwe wa sokoni. Akasoma mara mbili.

"Hakuna atakayechapa kitabu chako tena, Mwalimu. Popote."

"Nilikuwa nabeba tofu kabla yao."

"Lakini hapa si kweli. Hukunionyesha kitu."

"Miaka ishirini na saba naandika uongo hujalalamika, leo ndiyo umekuwa mtawa? Wahi garimoshi, bwana."

Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akakaa hivyo hata mimi nikaona haya, nikajifanya natafuta kiberiti. Leo mchana amepiga simu kutoka kiwanda cha chapa. Ukurasa umo. Amesahihisha makosa mawili ya maandishi.

Ulidhani nimefunguliwa? Wameleta mlinzi mwingine ngazini, nisije nikatoroka kabla ya tarehe ishirini na nne. Huyu hata sigara havuti.

Magazeti ya Wajapani wa huko yatakapoandika kwamba kaka yako ni tapeli mzee, usigombane na majirani. Wasomee nyumbani kwa sauti, ni kweli tupu, isipokuwa ile sentensi moja kuhusu Kurosaka. Nimetaka mtu mmoja zaidi duniani aijue kweli yake kabla sijasimama mbele ya watu na karatasi nyeupe mkononi. Umeshaijua. Sasa itie barua hii jikoni, uwashie moto.

Nisalimie shemeji Tadakichi, Isao na mkewe, na Chiyoko mdogo mwambie babu mkubwa anauliza kama ameota meno kumzidi. Baba na Mama huko waliko wawaangalie nyote, mlale salama na kuku watage.

Ni mimi kaka yako akupendaye, ingawa anakuandikia akiwa kifungoni tu,

Genpachi