Firigisi ya Nangila

Baba Nangila,

Nimeenda Kitale kwa dada yangu, nitarudi jioni. Kuku iko kwa sufuria, ugali upike mwenyewe. Funga mlango wa jikoni, paka wa jirani ameshanusa.

~~Firigisi nimekuwekea.~~ Hapana. Leo firigisi si yako. Najua kwenu ni ya baba, lakini sikiza kwanza.

Asubuhi nilimtuma Nangila kwa duka ya Mama Nasro alete chumvi, kiberiti na majani ya chai. Nikaandika kikaratasi kama kawaida. Si unakumbuka vile daktari alisema baada ya upasuaji wake, kwamba moyo umepona lakini kukumbuka mambo kutamchukua muda? Miaka saba sasa, ukimtuma vitu viwili analeta kimoja, halafu analia.

Ametoka kitambo, ndio naona kikaratasi kimebaki mezani! Nikakimbia na leso kiunoni, nikamkuta kwa geti anarudi. Chumvi. Kiberiti. Majani. Vyote alivibeba kwa kichwa chake! Ati ananiuliza, "Mama, mbona unahema?"

Na wewe jana ulisema mbele yake, "Huyu usimtume, atatuaibisha." Alisikia, na mimi iliniuma. Umwombe msamaha kabla hujanawa mikono.

Kikaratasi chenyewe ndicho hiki, nimeandika nyuma yake. Kigeuze ujionee.

Firigisi ni yake. Na usimkatie, bana. Ajikatie mwenyewe.

Mama Nangila