Mfupa wa Mkubwa

Jumatatu, Julai 10

Wewe Uulkan, una vitukuu vinne na huna haya! Nyama bado inafuka moshi, wenyeji wanatutazama, na wewe umeshanyoosha mkono upewe mfupa wa nyonga! Mfupa huo ni wa mwanamke mkubwa kuliko wote penye chakula. Mkubwa ni mimi. Nakwambia mwaka wa sitini huu.

Haya. Nimeshasema. Mbele za watu nilinyamaza, nimelitapika humu. Daftari hili Gulzat, mke wa mwanangu, kanipa niandike presha tu. Daktari kasema nije mlimani nipumzike: hewa, kulala, maziwa ya farasi yaliyochacha. Nisipopumzika, kasema, moyo utanitupa chini. Gulzat akaongeza kwamba nikichoka nipige simu, anakuja na gari. Nichoke mimi?

Asubuhi 150 kwa 90. Jioni 170. Hiyo ya jioni kanipandishia Uulkan.

Tumekuja watatu: mimi, yeye na Kalbubu. Tulikamua ng'ombe pamoja shamba la ushirika tangu wasichana. Siku kumi za mapumziko. Siku ya kwanza tumekula kwenye mahema matatu ya wachungaji!

Ugomvi ni ule ule. Sote ni wa Mwaka wa Mbwa, kwa ile hesabu yetu ya miaka kumi na miwili ya wanyama. Mama aliniambia nilizaliwa farasi wanaanza kuzaa. Uulkan kazaliwa majani yamekauka. Lakini karani mmoja mvivu alimwandika Januari mosi, basi anatembea na kitambulisho kifuani kama medali. Leo alikitoa. Kalbubu akaapa kwamba mama yake alikwenda kumwona Uulkan mchanga wakati wa kuvuna viazi. Mfupa ukaja kwangu. Niliuguguna mpaka ukang'aa.

Jumanne, Julai 11

165 kwa 95.

Kupumzika — nani kapumzika? Asubuhi tumekula kwa Toktogazi, mwenyeji wetu. Mchana kwa kaka yake. Jioni kwa wakwe wa kaka yake. Kila hema kondoo analetwa mlangoni akiwa hai, na mgeni mkubwa anafungua viganja, anaomba dua. Bila dua hachinjwi. Mgeni mkubwa ni nani? Basi naomba dua. Kisha nakaa mahali pa heshima, mkabala na mlango, mgongo wima, na sinyanyuki mpaka nyama ichemke, igawiwe, iliwe, na dua ya kufunga iombwe. Saa nne nzima! Kwa wale wakwe saa tano nzima! Kalbubu, kwa kuwa mdogo, kalala pembeni mdomo wazi. Hakuna anayemwuliza kitu.

Nimekwenda chooni mara nne. Si kwa haja. Kile kibanda cha mbao kina ufa, unaona farasi majike na mlima wenye theluji. Hakuna anayekusemesha humo. Nikaegemea ubao, nikafumba macho. Pumziko lenyewe ndilo hilo — chooni! Mara ya nne Nurzada, mke wa Toktogazi, akabisha. Akauliza kwa adabu kama maziwa yamenivuruga tumbo. Nilipotoka akanipa bakuli la mchuzi wa mafuta, eti dawa. Nikanywa lote. Ningesema nini?

Jumatano, Julai 12

180.

Nilijificha nyuma ya rundo la magodoro. Dakika kumi, labda. Uulkan akawaonyesha nilipo. Kafika mchungaji kutoka bonde la pili, anataka dua ya mkubwa. Na kondoo kaja naye.

Kichwa kinagonga. Gulzat simwambii.

Nimepata akili.

Alhamisi, Julai 13

Leo nimemweza!

Toktogazi alipoinua mfupa wa nyonga kunipa, nikasema, "Mpe Uulkan. Karatasi ya serikali haidanganyi." Kalbubu maziwa yakamtoka puani. Uulkan kanitazama kama anayetafuta mtego ulipofichwa. Hakuupata. Akajongea mahali pa heshima, akatengeneza kitambaa chake cheupe, akakaa. Bibi harusi!

Mimi nikatoka na koti langu. Nikalitandika karibu na kijito, upande wa juu wa kamba wanapofungwa watoto wa farasi. Nurzada anakamua, maziwa yanalia ndani ya ndoo, anahamia jike jingine, yanalia tena. Moshi wa samadi. Maji yanaongea peke yake, hayataki dua. Nililala usingizi ambao sijaulala tangu marehemu mume wangu alipoacha kukoroma.

Jioni 140 kwa 85. Presha ya msichana. Heshima mpeni anayeitaka.

Ijumaa, Julai 14

Nimelala tena. Lakini leo usingizi ulikuja na miiba.

Uulkan kapewa mfupa, hakuuonja. Kauviringisha kwenye kitambaa, kautia mkobani. Pia tangu jana hajanitania. Nimelala mchana kweupe kama paka, kanipita kimya! Uulkan huyu, aliyenicheka mpaka kwenye harusi yangu.

Alasiri nikaenda kule kibandani. Mlango umefungwa. Nikangoja. Nikangoja sana. Akatoka Uulkan, mkono mmoja ukutani, uso kama jivu la jana. Nikamwuliza, tumbo? Akasema, "Naangalia farasi."

Naijua hiyo. Mimi ndiye niliyeianza.

Jioni 145. Sina raha nayo.

Jumamosi, Julai 15

Asubuhi nimemkamata mkono na kumfunga mashine yangu. Alibisha, nikamkalia upindo wa gauni. 210 kwa 115. Nikapima tena, labda mashine imeshtuka. 208.

Kumbe anajua. Daktari kamwambia tangu majira ya baridi. Vidonge kaviacha nyumbani kusudi, ili sisi tusivione. Nikamtukana. Mjinga, punda, mzee asiyejua kuzeeka. Akaniacha nimalize.

"Usimwambie mtu, Jumakan," akasema. "Wanangu wakijua, mlima huu sitauona tena. Na mahali pale nimepangoja miaka sitini. Umenipa mwenyewe. Niache nipakalie."

Nimempa mwenyewe, ndiyo. Nilimpa saa tano za kukaa wima, zile zilizokuwa zinaniua mimi. Nikaenda kulala kwa mgongo wake, nikaiita akili.

Nimemtuma Kalbubu kilimani, simu inakoshika. Gulzat aje sasa hivi, na daktari. Kutoka mjini ni mwendo wa saa tatu. Kalbubu na magoti yake kapanda hivyo hivyo.

Hajarudi bado, nasikia vishindo. Toktogazi, kaka yake, wakwe wote. Wameleta kondoo mwenye mkia kama beseni, na redio inayoimba. Karamu kubwa, wanasema, majirani wa bonde zima wanakuja. Wanamtaka bibi mkubwa, afungue viganja.

Uulkan akaanza kuinuka. Anafunga kitambaa chake. Nikamsukuma arudi godoroni, nikatoka mimi.

Nikawaambia mkubwa ni mimi. Toktogazi akasema taratibu, "Bibi, juzi ulisema ni Bibi Uulkan." Nikasema juzi nilidanganya kwa ajili ya usingizi. Wakatazamana. Basi, akasema, tuombee wewe. Wote wakakunjua viganja, wakangoja.

Nimeingiza mikono ndani ya mikono ya koti. Sitoi dua.

Hakuna aliyewahi kufanya hivi mlima huu, hilo nalijua. Toktogazi masikio yamemwiva. Kaka yake kanung'unika kwamba nyumba imetemewa mate. Ateme na yeye, tutaoga wote. Kutoka ndani nikasikia, "Muongo huyo. Mkubwa ni mimi." Sauti nyembamba, lakini yake. Nikaishukuru.

Sasa nimekaa kizingitini, daftari gotini, mlango nimeuziba kwa mgongo. Wamesimama. Kondoo anatafuna majani. Barabarani hakuna vumbi la gari. Yangu sijapima, na sipimi.

Toktogazi, mrudishe kondoo malishoni. Nurzada, lete mito miwili, uzime hiyo redio, na majirani wageuze wakiwa njiani. Asipite mtu hapa mpaka gari lifike. Na wewe Uulkan, lala chini!