Mstari wa Mlangoni na Maziwa ya Mboga

Nyumba ya geti la bati,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
(Ila leo naandikia zahanatini, benchi la pili.)

Ijumaa, tarehe 14 Machi, saa tano kasoro robo.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kuliko koki zinazovuja mjini humu, na unajua hizo ndizo zinazonilisha. Hujambo? Mgongo haujambo? Na hilo greda lako la kuchonga barabara huko kambini, nalo halijambo? Mama ni mzima, goti lake limemruhusu kwenda sokoni mara mbili wiki hii. Mimi kwa sura sijambo. Kwa moyo, soma.

Dada, kama umesimama, kaa. Mwanao yupo hapa ubavuni kwangu, kichwa chake pajani mwangu, anapumua, nikimwita anaitika. Leo asubuhi amekunywa kitu shuleni. Wamemtoa damu, tunasubiri majibu. Simu yako haishiki huko porini, na lori la mafuta linaondoka kuja kwenu saa saba. Barua hii itapanda lori hilo, majibu yatoke yasitoke. Nimemwapia Mama kwa simu kwamba sitakuficha.

Ngoja nianzie mwanzo.

Mwalimu wa darasa lao alinilalamikia kwamba watoto wanashindia biskuti, na mmoja kamwambia mboga zinatoka kwenye friji. Nikamwambia, Mwalimu, umeangukia kwa mtu wako. Mimi niliyefunga mabomba ya hoteli ya ghorofa tisa, niliyekunywa chai katika miji kumi na minne, nitashindwa na jani? Bustani ya maji niliiona kwenye jiko la hoteli moja nilikokwenda kuzibua sinki. Nikapanga mabomba matatu ya plastiki ukutani darasani, nikayatoboa matundu, kila tundu kikombe, kila kikombe kipande cha sponji na mche wa saladi au spinachi. Udongo hakuna hata chembe. Chini beseni, na pampu ndogo ya tangi la samaki inapandisha maji, yanashuka, yanapanda tena, na taa inawaka juu yake. Ukutani nikawachorea watoto mstari, waone saladi itaufikia lini. Ilipendeza mpaka mkuu wa shule akawa anakuja kusimama pale, eti anatafuta chaki.

Na ilifanya kazi, Dada, siyo majigambo. Kila Jumatano wanachuma, wanaosha, wanatia kwenye mkate. Yule kibonge wa dawati la mbele, aliyekuwa anaiita spinachi chakula cha ng'ombe, siku hizi anaipigania. Asiyekula ni mmoja tu, mwanao, Hakimu wetu. Anapima, anaandika kwenye daftari, lakini jani haliingii mdomoni.

"Mjomba, mimi ni daktari wao. Daktari hali wagonjwa wake."

Nikampa rula, akaendelea kupima.

Kosa langu ni hili. Mboga za maji hunyweshwa mbolea ya maji. Mimi, kwa ulimi wangu huu usio na kufuli, nikawaambia watoto: "Haya ni maziwa ya mboga. Ikinyonya haya, inanenepa kama mkwe wa tajiri!" Wakacheka, nami kichwa kikavimba. Mbolea yenyewe inakuja kwenye dumu, na rafu ya darasa ni nyembamba. Nawe unatujua sisi mafundi: gundi ya bomba kwenye kopo la jamu, grisi kwenye kopo la kahawa. Nikaimimina kwenye chupa ya juisi ya machungwa. Chupa ya juisi, Dada! Ndani ya darasa la watoto wa miaka saba.

Saa tatu nilikuwa chini ya sinki la kinyozi, simu ikaita. Mwalimu: "Fundi, njoo. Usiniulize, njoo." Nimekuta ametapika, midomo imepauka, mwalimu kaishika ile chupa kama ameshika nyoka. Nikamtupa mtoto begani, nikaipokea chupa, nikatoka mbio, Mwalimu nyuma yangu. Ni mitaa miwili tu mpaka hapa. Spana zilikuwa zinanichapa makalio njia nzima, na naona zilinichapa kwa haki.

Muuguzi akauliza, "Amekunywa nini, na kiasi gani?"

La kiasi nililiweza. Fundi bomba haamini jicho, anaamini mstari. Ukitaka kujua kama tangi linavuja, chora mstari maji yalipo, kesho urudi uangalie. Ile chupa naichora kila asubuhi nikishawalisha mboga wangu. Mstari wa leo ulikuwepo, na chini yake pengo jembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Muuguzi akapima kwa kijiko: vijiko vitatu.

La kwanza ndilo lililonizika. "Kwenye dumu pameandikwaje?" Sijui. Dada, darasa la saba nililisoma, la nane likanisoma mimi, lakini kusoma najua. Sikusoma kwa kiburi tu. Mwalimu akaenda karakana kwangu kulichukua, karudi anahema. Maandishi mekundu, makubwa kama bango la sinema: WEKA MBALI NA WATOTO. Daktari alinitazama, hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu.

Anasema chumvichumvi za mbolea, zikizidi mwilini, husumbua damu hata moyo. Mtoto ametundikiwa dripu. Damu iko maabara. Ni saa sita na robo sasa, na mlango wa maabara una kitasa kilicholegea. Kila kikitikisika, natikisika nacho.

Nimemuuliza kwa nini. Nilidhani ni kiu, au ile picha ya machungwa.

"Mjomba, saladi ilifika mstari wako kwa wiki tatu."

"Ndiyo, Hakimu."

"Mimi wa Mama sijaufikia mpaka leo."

Unaukumbuka, Dada? Siku unaondoka ulimsimamisha kwenye fremu ya mlango wa jikoni, ukachora mstari vidole vinne juu ya kichwa chake, ukamwambia: ukifika hapa, Mama atakuwa amerudi. Wewe ulikuwa unambembeleza aache kulia. Yeye ameshika kama hukumu ya mahakama. Amebakiza vidole viwili, na mjomba wake mwenye midomo kaja kumfundisha kwamba kuna maziwa yanayokuza kitu kwa wiki tatu!

Nikamwambia, si ungekula mboga basi? Akanijibu amefumba macho: "Bibi anakula kila siku, mbona harefuki?"

Nilicheka, Dada, na machozi yakanitoka hapohapo, mpaka mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja akasogea mbali nami.

Saa saba kasoro dakika ishirini. Dereva wa lori yuko nje, anapiga honi. Anasema dizeli haimngoji mtu. Nimemkumbusha kwamba choo cha kwake kinavuja na fundi ni mimi. Anangoja.

Saa saba kasoro dakika tano. Majibu yametoka. Damu iko sawa, Dada. Moyo uko sawa. Watamwangalia mpaka jioni, na Jumatatu wampime tena, lakini daktari amesema, "Huyu ataishi, na atakusumbua." Nimemwomba arudie. Amerudia.

Chupa nimeitupa, dumu litalala karakana kwangu kwa kufuli. Mkuu wa shule anasema bustani ibaki au ing'olewe, mwenye neno ni mzazi. Karatasi yake nimeikunja humu. Ukiandika hapana, nitaing'oa kwa mikono hii, na nyumbani hutasikia nikinung'unika.

Ila mstari wa mlangoni siuwezi. Nilifikiria kuushusha vidole viwili kimyakimya. Mama aliponisikia simuni akasema, "Thubutu!" Na ni kweli, ule ni mkono wako. Omba ruhusa, Dada, hata ya siku mbili. Njoo kabla hajaufikia, aone kwamba mama hurudi hata mtoto akiwa bado mfupi.

Mama anakusalimu, na anakuombea. Mwalimu anakuomba radhi, ingawa kosa si lake. Kinyozi naye anakusalimu, sinki lake liko wazi tangu asubuhi. Nisalimie wenzako wote wa kambini. Mungu akulainishie kila kilima kabla greda lako halijakigusa.

Ndugu yako akupendaye, na leo mwenye hatia,
Fundi Koki.

Hakimu ameamka, ameisoma barua begani kwangu. Anasema nisahihishe: si vidole viwili, ni kimoja na nusu. Alijipima leo asubuhi kabla ya kwenda shule.