Pedali Bado Laini

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Mwaka mmoja na miezi mitatu tangu nitoke nyumbani Chwele. Leo paipu ya breki ya nyuma imepasuka tukiingia Kiamunyi, na mzigo wa udongo mweupe wa Kariandusi juu. Kipruto dereva akashusha gia, akaliingiza lori kwenye rundo la mchanga la watu wanaojenga. Likasimama. Mimi tanboi wake, msaidizi wa lori, nilikuwa nimeshashika mlango, tayari kuruka. Akaniangalia, akacheka.

"Wewe ungeniacha, Wamalwa."

Sikukataa.

Mzee Nderitu, mwenye lori, hataki habari ya gereji. Nitabadilisha paipu hapa hapa nyumbani kwake, maana nilishika spana kidogo Webuye zamani. Jumamosi alfajiri lori linaenda Chwele kuleta mahindi. Nami nitapanda. Jumatatu ijayo kukipambazuka kijana wangu Simiyu anatahiriwa. Baba asipokuwepo, ndugu wa baba husimama na mtoto mahali pake. Sitaki asimame mwingine.

Jumatano, 7 Agosti

Paipu za zamani zote ziko chini. Kutu imezila, zinavunjika kama biskuti. Fundi mmoja mjini amenikatia mpya na kuzitengenezea vichwa kwa mashine yake. Ni Msabato. Alinionya: kukiwa na shida nirudi kabla ya jua la Ijumaa kutua, baada ya hapo ni Jumapili. Nikamwambia hakutakuwa na shida. Mdomo wangu.

Siku nzima chini ya lori. Mgongo umekwisha. Mama Wachuka, mke wa mzee, alileta chai akauliza hii miguu ni ya nani, na kama mwenyewe bado yuko hai.

Alhamisi, 8 Agosti

Leo kutoa hewa kwenye breki. Ni kazi ya watu wawili. Kipruto yuko kebini anakanyaga pedali, mimi chini nafungua nati ndogo kwenye gurudumu. Mafuta yanatoka na mapovu. Nafunga, ndipo anaachia. Akiachia mapema hewa inarudi. Mimi sioni pedali, yeye haoni mapovu. Kila mmoja anaamini sauti ya mwenzake.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nashikilia kama mweka hazina wa kanisa."

Mpaka saa tisa mapovu yalikuwa yamepungua. Nikauliza pedali ikoje. Akasema ngumu kama jiwe, boss, enda ufunge begi.

Nimefunga begi. Mke wangu Nerima amepiga simu. Simiyu anazunguka na njuga akialika jamaa, sauti imekauka kwa kuimba. Kila jioni anamuuliza mama yake kama kweli nakuja. Nimesema Jumamosi.

Ijumaa, 9 Agosti

Kipruto alikuwa ameenda kunyolewa. Nikaingia kebini kutafuta sweta yangu. Nikakanyaga tu, bila sababu. Pedali ikashuka mpaka chini, laini, kama kukanyaga tope.

Nikakanyaga tena, ikashuka vilevile. Hewa bado imo.

Aliporudi nikamuuliza kwa nini alisema ngumu. Akapapasa kichwa chake kipya. Nilitaka ufike kwa mtoto, akasema. Kupanda hakuna shida, mlima wenyewe ni breki.

"Na kushuka?"

"Nitashuka na gia. Wewe utakuwa kwako unakunywa busaa. Inakuhusu nini?"

Ndiyo hiyo. Kutoka hapa mpaka Mau Summit ni kupanda, na mbele yake lori ni tupu. Mimi nashukia Chwele. Atakayeshuka mteremko wa Salgaa na magunia mgongoni ni yeye, peke yake.

Nikarudi chini. Nimepata ufa kwenye kichwa cha paipu ya nyuma, mwembamba kama unywele. Akikanyaga inatoa jasho, akiachia inavuta hewa. Nikachukua pikipiki mpaka mjini. Fundi ameshafunga kwa Sabato.

Mzee Nderitu hataki kusikia Jumapili. Ziba hiyo ya nyuma, akasema, za mbele zinatosha, gari inatoka saa kumi na moja. Nikasema hazitoshi. "Mimi nilikuwa na lori wewe ukipanguswa kamasi," akasema. Mama Wachuka akamwambia amsikilize huyu kijana. Mzee akaongeza sauti ya redio.

Ningeweza kupanda basi kesho niende zangu. Lakini nikishaenda, wataiziba, na Kipruto ataondoka.

Ijumaa hiyo hiyo, jioni

Nimefungua paipu zote, za nyuma na za mbele. Kipruto alinikuta nikifungua. Nilidhani ataita mzee. Akanishikia tochi.

Ziko chini ya godoro langu, nazisikia mbavuni. Kesho nitamwambia mzee mwenyewe, kabla hajatoka nje na ufunguo. Akinifukuza, anifukuze Jumapili jioni, paipu zikishafungwa.

Nimempigia Nerima. Si Jumamosi tena. Nitasafiri usiku wa Jumapili, nifike Jumatatu alfajiri, wakati Simiyu anatoka mtoni amepakwa matope, tayari kwa kisu. Ameuliza kama nina hakika. Nikasema nusu. Ndugu yangu ajitayarishe kusimama, lakini aache nafasi ya mtu mmoja kando yake.